Za Kukaa Nnazo

Baba yangu alikuwa fundi wa fidla, na alinitesa kwa kuiheshimu mno kamera.

Mwaka wa sabini, mambo ya Maskati yalipofunguka na watu wakaanza kupiga muziki bila ya kufunga madirisha, yeye na wenzake watatu, wote watu wa Unguja kama sisi, walikuwa wakikutana nyumbani kwetu Matrah kila Ijumaa baada ya chakula. Mmoja udi, mmoja kodiani, mmoja dumbaki. Tangu tuondoke Unguja mwaka wa sitini na nne baba hakuigusa fidla, na bibi yangu, mamake, aliyebaki kule, alipoambiwa kuwa sasa anapiga tena hakusadiki. Akatuma maneno: nileteeni picha. Kamera nilikuwa nayo mimi, kaka yangu alinipa aliporudi kutoka Kuwait, na nyumba nzima hakuna mwengine aliyejua hata kuifungua. Basi ikawa kazi yangu.

Ijumaa ya kwanza niliinua kamera, muziki ukakatika. Wote wanne walikaa sawasawa wakafunga vifungo. Baba akailaza fidla pajani kama mtoto anayepelekwa kwa daktari, akakunja uso.

"Haya, piga," akasema.

"Baba, endeleeni na wimbo."

"Nipige fidla na wewe unanipiga picha? Adabu gani hiyo?"

Nikaipiga hivyo hivyo kwa hasira, tukaipeleka. Jibu la bibi lilirudi na msafiri mmoja aliyekuwa akituchukulia habari: "Za kukaa nnazo. Nataka anapiga. Na fanyeni haraka, macho yangu yanakwisha."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli. Nilijificha nyuma ya mlango, kukawa na kiza. Nilijifanya naifuta kamera huku naibonyeza, ukatoka mkono umefutika kama moshi. Mhindi wa sokoni aliyekuwa akinisafishia picha alinyanyua moja akaigeuza huku na huku. "Binti, hii fidla au paka?" Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama akacheka, akaniambia kupotea njia ndiko kujua njia, na mimi nikamwambia nimeshapotea vya kutosha.

Lakini alikuwa na haki. Kwa kupotea niliyajua mawili. La kwanza, baba akiiona kamera, basi tena. La pili, upinde wa fidla ukifika mwisho wake, kabla ya kurudi, mkono hutulia kidogo tu. Ukiujua wimbo unajua lini. Nikawa najifunza nyimbo zao kwa moyo, Ijumaa baada ya Ijumaa, kamera imo kabatini.

Ikaja harusi Bawshar, alasiri, ndani ya shamba la mitende, jua bado liko juu. Wanaume walikaa nje na muziki wao, na sisi wanawake tukatiwa nyuma ya majamvi yaliyofungwa kwenye mitende. Tangu dunia iumbwe hakuna jamvi la harusi lisilo na tundu, bibi zetu huyatoboa kabla hata biriani haijaiva. Nikachungulia. Baba amekaa hatua chache tu kutoka kwetu, mwanga wote umemwangukia, na yeye hatuoni sisi.

Kamera nilikuwa nayo, nimeificha chini ya buibui. Nikamwambia mama tundu ni dogo. Alivua pini ya nywele akalipanua, nikaisimamisha lenzi pale.

Wakaanza wimbo wa kwetu, wa zamani. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu, akaanza kuufuata kwa sauti ya chini sana. Sijui baba alisikiaje na dumbaki ile. Aligeuza uso akaelekea jamvi, pale alipo mama, uso umekunjuka, kichwa kimelalia fidla. Upinde ukafika mwisho. Nikabonyeza.

Picha ilitoka safi, hata Mhindi alinisifu. Nilipomwonyesha baba aliitazama. "Kifungo kiko wazi," akasema. Nilifurahi hata hivyo, kwa sababu hakuirudisha mpaka mama alipomwomba aipeleke kwa bibi.

Miezi ikapita, sisi tunahesabu siku za macho ya bibi. Siku moja alasiri akaja yule yule mchukuzi wa habari, akakaa na baba na mama, akapewa kahawa, na mimi nikasimama mlangoni. Akasema bibi aliipeleka picha dirishani, akaisogeza karibu na uso, akakaa nayo. Kisha akacheka.

"Anasema, 'Nimemwona mwanangu anapiga.' Na anasema, 'Mwambieni mkewe nimemwona na yeye.'" Mgeni akakuna kichwa. "Sasa hapo mimi sikufahamu. Picha ile niliibeba mwenyewe, hamna mwanamke ndani yake."

Baba aliinamia kikombe chake. Mama alijivutia mtandio usoni, akasema anakwenda kuleta halua, na hakurudi mpaka mgeni alipoaga.