Likizo ya Mzee Thuku

Thuku alishuka Kilifi kutoka Murang'a akiwa bado na nywele, akaandika programu ya kugawa vyumba ambayo hoteli kadhaa za Watamu huitumia mpaka leo. Programu ingali hai. Nywele zilitangulia.

Kila alfajiri hufungua kompyuta kitandani kutazama kama wageni wasiojuana wamepewa chumba kimoja. Mara nyingine huwa wamepewa. Huwatenganisha kimyakimya, kisha hupiga mswaki. Wenye hoteli husifu: programu imara hii.

Mwaka huu akaomba likizo akamwone mama yake. Jedida, mkuu wa ofisi, akamwambia haiwezekani, maana hakuna mwingine anayethubutu kuigusa kazi ile. Ili wengine nao waweze kuigusa, akatoa sharti kwa wote: andika kwanza jaribio, yaani programu ndogo ya kuikagua ile kubwa, ulione likifeli kwa nyekundu, ndipo uandike programu mpaka ligeuke kijani.

Kahonzi, binti aliyetoka chuoni juzi, alikubali papo hapo. Hakuwa na mazoea ya kuyaaga. Cliff, wa miaka mitano kazini, alikubali kwa maneno mengi zaidi, akawa anaandika programu kwanza na jaribio baadaye, nalo likifaulu siku zote, kama mtoto anayejisahihishia mtihani. Thuku alikataa. Alikwisha kuiona mitindo mingi ikiingia ofisini kwa vishindo, na mazishi ya yote aliyahudhuria yeye.

"Mzee Thuku waogopa nyekundu," Cliff akamchokoza wakinywa chai kwa mahamri.

"Naogopa kijani chako."

Lakini likizo haina mbadala. Jumatatu akamwita Kahonzi akae karibu, akaandika jaribio moja: wageni wawili, chumba kimoja, usiku mmoja, wa pili akataliwe. Likafeli. Kioo kikajaa nyekundu.

"Usijali, Mzee," Kahonzi akamliwaza. "Ndivyo inavyotakiwa kuanza."

"Haikuanza leo, mama. Ni nyekundu tangu wewe uko shule ya msingi. Ila mwenye kuiona nilikuwa mimi peke yangu."

Wakashinda wiki nzima wakirekebisha, kikaja kijani, na Jedida akatia sahihi ya likizo.

Asubuhi ya kwanza huko Murang'a, Thuku aliamka alfajiri, akafungua kompyuta. Hakuna wageni waliogongana. Akatazama tena, kuhakikisha. Mama yake akauliza kutoka jikoni amekuja kumwona yeye au hicho kisanduku. Akakifunga, akabaki ameketi kitandani, asijue mtu hufanya nini kabla ya mswaki.