Kulanti ya Mama Lea

Fundi Mazengo alizoea kelele za gereji tangu ujana wake, lakini mwaka ule wa tisini na nne maneno mawili tu yalimkosesha raha: "Jiten kasema."

Aliyekuja nayo alikuwa Paskazia, mfanyabiashara wa mahindi wa Miyuji ambaye watu walimwita Mama Lea. Paskazia alikuwa na pikapu kuukuu, Datsun ya mwaka sabini na nane, aliyoipata kwenye mnada wa magari ya serikali. Aliiendesha mwenyewe, udereva alijifunza kambini JKT. Kwa miaka minne injini ile haikuguswa na mkono mwingine isipokuwa wa Mazengo. Ndiye aliyeifufua ilipotoka mnadani haina hata betri, na ndiye aliyejua kwamba gia ya pili hukataa asubuhi, ila ukiibembeleza inakubali.

Mazengo alikuwa fundi wa shirika la umma la usafirishaji kwa miaka kumi na sita. Shirika lilipopunguza watu, aliondoka na boksi la spana na jina zuri, akafungua gereji yake kando ya barabara pale Miyuji, nje kidogo ya mji. Mkewe alikuwa ameshafariki. Jioni Paskazia alipoleta gari, akaketi juu ya tairi na kikombe cha chai, akasimulia vituko vya madalali wa mahindi wa Kibaigwa, Mazengo aliiona siku yake imekamilika. Hakuwahi kumwambia hivyo. Alidhani Paskazia anajua.

Jiten alikuwa mtoto wa Mzee Jayantilal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mambo yalipokuwa ruksa na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dubai, mzee alimwachia kijana nusu ya duka auze spea. Siku moja Paskazia alikwenda pale kununua mkanda wa feni, akarudi na mkanda pamoja na galoni la maji ya kijani ya kupozea injini.

"Hii ni kulanti, fundi," alisema. "Jiten kasema hii ndiyo saizi ya injini yangu, maana ni ya chuma tupu, na rejeta ni ya shaba. Zipo nyingine nyekundu za magari mapya, hizo haziifai. Na zisichanganywe kabisa. Halafu tuache kutia maji ya bomba. Kasema chumvi ya maji yetu inaota ukoko ndani ya rejeta kama inavyoota kwenye birika. Tuichanganye na maji ya mvua."

Mazengo alifuta mikono kwa kitambaa taratibu.

"Miaka minne natia maji ya bomba, Mama Lea. Imekufa?"

"Haijafa. Ila inachemka kila ikibeba magunia zaidi ya kumi, na wewe unajua."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa Jiten amesema upuuzi, Mazengo angecheka na yangeisha. Lakini kijana alisema kweli, tena jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu enzi za shirika, ila kwa kuwa kulanti haikupatikana miaka ile, aliacha kulifikiria. Alisafisha rejeta, akatia ile ya kijani na maji ya mvua kama alivyoagizwa, na kila alipomimina alihisi anamimina heshima yake.

Pikapu haikuchemka tena. Paskazia akawa anapita dukani kwa Jiten kabla ya kuja gereji. Mara plagi, mara chujio la oili. Chai alikunywa akiwa amesimama. Siku moja Mazengo alipita mjini kwa baiskeli, akamwona ameketi kwenye stuli ndani ya duka, anacheka hadi anajishika mbavu, na Jiten ameegemea kaunta. Alifika nyumbani hajui amepita njia gani. Usingizi ukagoma. Kile kitoto kina mikono laini, alijiambia, hakijawahi hata kuungua na bomba la ekzosi, na leo kinamfundisha Mazengo kazi!

Wiki iliyofuata dereva mmoja wa lori alimwuzia galoni la kulanti nyekundu kutoka Dar. "Hii ndiyo mpya, mzee. Wenye magari ya kisasa hawatumii nyingine." Mazengo aliinunua akijua fika inafaa magari gani na haifai yapi. Paskazia alipoleta gari kubadilisha breki, Mazengo alifungua kifuniko cha rejeta, akapunguza ile ya kijani, akajazia nyekundu juu yake. Hakutaka gari life. Alitaka liende vizuri zaidi, ili siku moja aseme, "Ile ya Jiten si kitu, mimi nilikutilia yangu." Ndivyo alivyojidanganya.

Siku nne baadaye Paskazia alikwama njiani, Mbande, akitoka Kibaigwa na magunia kumi na mbili. Mazengo alipopata habari na kufika kwa lifti ya lori, alimkuta amekaa kwenye kivuli cha gari, uso umejaa vumbi. Injini ilikuwa imeshapoa. Alifungua kifuniko, akatia kidole, kikatoka na tope la kahawia zito kama uji wa ulezi.

"Nini hicho?" Paskazia aliuliza.

Mazengo alifuta kidole kwenye suruali. "Kulanti."

"Kulanti ya Jiten?"

Hakujibu. Paskazia alichukulia ukimya ule kuwa ndiyo, akachota tope na kulitia kwenye kopo la maziwa. Mazengo, Mungu amsamehe, alisikia utamu moyoni.

Kesho yake aliandamana naye dukani, akitaka kuona kwa macho yake. Paskazia alilibwaga kopo mbele ya wateja.

"Hii ndiyo dawa yako, Jiten! Umeniulia gari!"

Mzee Jayantilal alitoka nyuma ya duka, akachungulia kopo, akamgeukia mwanawe kwa Kigujarati kikali. Hakuna aliyeelewa maneno, lakini kila mtu alielewa. Masikio ya Jiten yalibadilika rangi. Akachukua kopo, akalinusa, akasugua tope kati ya vidole.

"Mama, kuna nyekundu humu. Nani ameongeza?"

"Nani aongeze? Gari langu linashikwa na fundi mmoja tu!"

Jiten alimtazama Mazengo. Angeweza kusema, mbele ya wateja wote wale angeweza kumwaibisha. Badala yake aliinamisha kichwa. "Shikamoo, fundi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kwamba bado hajaamkia.

Ile shikamoo ilimwingia Mazengo kama msumari. Ule utamu wa jana ukageuka nyongo.

"Ni mimi," alisema. "Nilitia nyekundu. Jiten alikataza zisichanganywe, nikachanganya."

Paskazia aligeuka polepole.

"Kwa nini?"

"Wivu, Mama Lea."

"Wivu wa gari?"

Alitaka kusema ndiyo. "Wa gari," alisema, "na wa chai."

Paskazia alimtazama, asijue acheke au ampige. Kisha alitoka nje bila kuaga.

Pikapu ilivutwa hadi gereji, na Mazengo aliishughulikia injini kwa siku tatu. Aliisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe, akabadilisha gasketi ya silinda hedi kwa gharama yake, akatia kulanti ya kijani aliyokwenda kuinunua mwenyewe kwa Jiten. Walizungumza habari za gari tu. Hawakuwa marafiki, na hata baadaye hawakuwa. Kila alipomwona kijana yule akihudumia wateja kwa tabasamu, kitu kilimtekenya vibaya kifuani.

Paskazia alichukua pikapu yake, akaipeleka kwa fundi mwingine mjini, na miezi mitano hakuonekana gerejini. Mazengo hakumlaumu. Siku aliyorudi mvua ilikuwa inanyesha, na gia ya pili ilikuwa imegoma kabisa.

"Yule wa mjini hajui kuibembeleza," alisema akishuka.

Mazengo alikwenda kuwasha jiko la chai. Alipogeuka, Paskazia alikuwa bado amesimama mlangoni, akitazama matairi yaliyopangwa ukutani, kama anayeamua aketi au aende zake.