Nyongeza ya Bi Kudra

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Kudra aliuza korosho kwenye madirisha ya mabasi pale kituo cha Kwa Mathias, na kama uliwahi kununua kwake, ulipata nyongeza, upende usipende. Alipima, akatumbukiza mkono wake wa kulia kwenye beseni, akachota kiganja kimoja, akakumiminia juu. Ukimwambia inatosha, alinuna. Alikulia Mzenga, kwa mama aliyeamini kwamba kipimo kisicho na nyongeza ni wizi wa kistaarabu, na imani hiyo hakuiacha hata mwaka ule korosho zilipoadimika mpaka wenzake wakaanza kuuza kwa kuhesabu punje.

Kisha goti likagoma. Daktari akamwambia habari ya kukimbizana na mabasi imekwisha. Adamu, mwanawe, akafurahi kupita kiasi.

"Mama, sasa upumzike."

"Kupumzika ni kazi ya marehemu," akamjibu, na siku hiyohiyo akajikongoja uani kwa mpangaji wake, Loyce, wakala wa pesa za simu, Msukuma mwenye subira ya mtu aliyekua akiswaga ng'ombe. Siku tatu walikaa barazani na simu ya Loyce, wakafungua duka kwa jina la Bi Kudra kwenye soko moja la mtandaoni: picha ya korosho juu ya ungo, bei, na uzito, nusu kilo. Oda ya kwanza ilitoka Dodoma, kwa mtu aitwaye Silas. Bi Kudra aliisoma mara nne, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaona haya.

Biashara ikashika. Silas peke yake aliagiza kila baada ya wiki mbili. Lakini mwezi wa tatu likaja onyo: mizigo hupimwa kabla ya kusafirishwa, na wa Bi Kudra ulizidi uzito ulioandikwa. Wiki iliyofuata likaja la pili. Likija la tatu, duka linafungwa.

"Shikamoo, Bi Kudra. Hivi unaongeza?" Loyce akauliza.

"Marahaba. Kidogo tu."

"Mashine haijui kidogo."

"Sasa inalalamika nini? Ningepunja, sawa, inishitaki. Mimi nimezidisha! Tangu lini mtu akashitakiwa kwa kuzidisha?"

Swali lilikuwa la haki. Ila duka likifungwa, Bi Kudra hakuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kukaa na kuulizwa na Adamu kama amepumzika vizuri. Akakubali. Wiki tatu alipima nusu kilo kamili, mkono wa kulia akiufunga ndani ya kanga usije ukatoroka. Kila akimaliza mfuko, aliutazama kwa aibu, kana kwamba amemruhusu mgeni aondoke bila hata maji.

"Uzeeni hivi, nimekuwa mkono wa birika," akasema.

Halafu Silas akaandika. Loyce akausoma ujumbe kwa sauti: "Korosho zimefika, nzuri kama siku zote. Ila ile nyongeza ya mama haikuwemo, tukashtuka hapa nyumbani. Mama mzima? Kama ametangulia mbele ya haki, poleni sana."

Bi Kudra alicheka mpaka akashika goti. Kisha, kicheko hakijaisha, machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Watu wasiowahi kuiona sura yake walikuwa wanamjua kwa kiganja. Walipokikosa, wakadhani amezikwa.

"Hiyo mashine inataka nini hasa?" akauliza akijifuta kwa kanga.

"Uzito wa kweli."

"Basi tuiambie kweli."

Loyce akaleta mizani, akamchotesha korosho mara kumi. Gramu hamsini. Arobaini na tisa. Hamsini na moja. Hamsini. Loyce, ambaye anahesabu noti za watu kutwa, hakuamini. Akaifuta mizani, akaanza upya, ikawa vilevile. Akafungua ukurasa wa duka, akafuta nusu kilo, akaandika gramu mia tano na hamsini.

"Na bei?"

"Bei iache hapohapo. Nyongeza ina bei?"

Asubuhi yake mizigo mitano ikapimwa, yote ikapita. Loyce alipoleta habari hizo alimkuta Bi Kudra barazani, beseni mbele yake, mkono wa kulia uko wazi.

"Huyu wa Dodoma hatujamjibu," Loyce akamkumbusha. "Nimwambie nini?"

"Mwambie mzima. Mwambie walinifunga mkono tu." Akasubiri Loyce amalize kuandika, kisha akasogeza kigoda karibu na simu. "Na wewe mwanangu, nisomee tena pale waliposhtuka."