Emergency: D.O. wawili walinipima kwa hali ya hewa ya kwetu

Wakuu, salamu kutoka Kaaga, huku Meru kwenye baridi. Mimi ni nyanya wa miaka themanini na tisa, mjukuu ndiye anachapa. Haya yalinipata mwenyewe, na kwa umri huu sina sababu ya kuongeza chumvi.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, hungetoka Meru kwenda Embu bila pasi ya serikali. Mama alikuwa huko kwa mjomba, mgonjwa sana. Nikaenda kuomba pasi kwa D.O., yule ofisa wa wilaya wa mkoloni.

Huyo mzungu alikuwa na theory. Watu wa baridi huku mlimani ni wasiri. Watu wa joto kule chini ni wakweli, eti jua limewakausha ujanja.

Karani wake akaninong'oneza kwa Kimeru, "Sema kwenu ni Tharaka, kule chini kwenye joto. Ukisema Kaaga hupati."

Nikasema Tharaka. Sikuwa nimewahi kufika Tharaka! Nilitetemeka kwa woga mpaka meno yakagongana.

D.O. akacheka. "Ona baridi yetu inavyomtesa! Huyu ni wa joto kweli."

Akaandika: mtu wa Tharaka, mwaminifu. Uongo wangu ukapigwa muhuri.

Nikapanda lori ya viazi hadi kizuizi cha Embu. Hapo kulikuwa na D.O. mwingine, na theory yake. Kwake jua linachemsha damu, kwa hivyo watu wa joto ndio hatari.

Akasoma pasi. "Tharaka? Weka ndani."

Nikalia, "Bwana, mimi ni wa Kaaga! Kwetu ni baridi tupu!"

"Kumbe ni mwongo pia."

Siku tatu ndani. Nilipofika kwa mjomba, mama alikuwa amezikwa jana yake.

"Ulikuwa wapi?" mjomba akauliza. "Alikuwa anakuita."

Ningemwambia nini wakuu? Hali ya hewa?

Sasa aibu yangu. Miaka baadaye binti yangu alileta mchumba kutoka Mbeere. Swali langu la kwanza: "Nyinyi watu wa joto si ni wavivu?"

Kijana akamaliza chai, akatoka kunipasulia kuni. Leo ndiye ananilisha.

Nilichojifunza: mvua na jua vitakuambia upande nini shambani, basi. Mtu muulize mwenyewe.

Karibuni mcomment. Ila kabla uandike Wameru wako hivi na Waembu vile, tuambie kwanza kwao ulishawahi kula nyumbani kwa nani.