Bananisifu juu ya imani, na mi najua nilifanya nini ku kichuguu

Bandugu na bamama benye kusoma gazeti hii, jambo kwenu bote. Niko mama wa miaka makumi tatu na mbili hivi, mama aliyenizaa hakuandika siku. Tunakaa ku kambi ya bafanyakazi hapa Élisabethville, bwana yangu anatumika ku tanuru kwenye banayeyusha shaba. Masomo yangu ni kidogo, masere, bale bamama batawa ya misioni, balitufundisha kusoma na kushona, basi kama herufi zangu zinalala, musinicheke. Nimeomba bakubwa ya gazeti bafiche jina yangu. Tafazali bafiche vizuri, juu bwana yangu anapenda huu ukurasa, anausoma kwa sauti mu nyumba, na mi nakaa pale nasikiliza.

Nilizaa mapasa, batoto babili mara moja, Kiungu na Kabange, majina yenye mapasa bote kwetu banapewa. Kwetu Baluba mapasa iko na desturi yao. Mwezi mupya ukitoka, mama na batoto banapakwa pemba, ule udongo mweupe, na banamuke banaimba nyimbo za matusi, matusi yenye siwezi kuandika hapa. Na kama pasa mumoja akikufa, halilwi. Ukimulilia, banasema atakasirika na kumuita mwenzake. Siku ya ubatizo ya batoto, mupe, padri wetu, alitukataza yote ile. Bwana yangu aliitikia, na mi niliitikia kwa furaha. Batoto balikuwa bananyonya vizuri, kuitikia kulikuwa rahisi.

Kiungu alikufa na surua, hata miaka mbili hajamaliza. Nililia. Nililia mpaka ku makaburi mbele ya bantu bote, kama mama mukristu anavyolilia mutoto yake. Mama bukwe alinikamata mukono kwa nguvu: "Nyamaza! Unaua na huyu mwingine!" Sikunyamaza.

Kutoka pale Kabange akaanza kukonda. Miaka mitatu, bandugu. Homa, kuhara, kisha homa tena. Kila juma masere banamupima ku mizani, kila juma banatikisa kichwa. Batoto ya rika yake banakimbia mu kambi, yeye nilikuwa namubeba mugongoni, miguu yake inaning'inia. Tulisali novena juu ya novena. Bwana yangu akitoka ku kazi, macho mekundu na moshi, anapiga magoti mbele hajakula. Na mi pembeni yake, kinywa kinasema Salamu Maria, lakini mu roho nauliza: Mungu, unatuangalia sisi, ao unaangalia kambi ingine?

Siku moja mama bukwe alikuja na kipande cha pemba mu kitambaa. Hakugombana. Alisema tu: "Mwana wangu, mupe wako hana mutoto. Mi nilizika bane. Twende."

Nikaenda.

Jua lilikuwa limetoka kuzama, mwezi mupya umeonekana mwembamba. Nyuma ya kambi kuko kichuguu kikubwa kwenye bantu banachimba udongo wa matofali. Tulikuwa banamuke bane na mutoto yangu. Tukapakwa pemba, mi na Kabange. Pale nikakumbuka rozari iko ku shingo yangu. Nikaivua na ile mikono myeupe, nikaifunga ku pembe ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, kama namufunga Mungu macho. Kisha niliimba. Matusi yote nilikuwa nayajua, sijui nilijifunza lini. Na kitu chenye kinaniletea haya kupita yote ni hiki: nilicheka. Miaka mitatu sikucheka, ile siku nilicheka mpaka machozi, na Kabange akiniona vile, naye akacheka.

Juma ile ile munganga wa lopitalo alimubadilishia mutoto dawa, akapigwa sindano nyingi. Kisha miezi mbili, Kabange anakimbia. Mama bukwe anasema ni pemba. Munganga anasema ni sindano. Bwana yangu anasema ni rozari, anahubiria barafiki yake ku kazi. Mi sikumuambia bwana yangu kitu. Sikuungama. Kila siku ya Mungu mu misa napokea komunyo na ile zambi, juu nikibaki ku benchi bamama batauliza, "Uko na nini?"

Sasa mupe amenichagua. Siku kuu ya Bikira Maria yenye inakuja, nisimame mbele ya bamama bote ya parokia, niseme namna nilivyoshika imani mu mateso. Bwana yangu amekwisha kuninunulia kitambaa cha kichwa.

Hata ile labda ningeibeba. Lakini mu nyumba za nyuma kuko mama kijana mumoja, naye alizaa mapasa. Mumoja amekufa, mwingine anakonda kama Kabange alivyokonda. Bandugu ya bwana yake banamukaza apeleke mutoto ku pemba, anakataa. Anakataa juu yangu. Ku bomba ya maji alinisemea:

"Mama Kabange, bandugu ya bwana bananicheka, wacha bacheke. Mi naangalia weye tu. Ile siku roho ilikuchoka kabisa, ulifanya nini?"

Nikamujibu: "Nilisali."

Akaitikia na kichwa, kama mutoto wa masomo. Kisha akasema: "Basi niazime ile rozari yako. Nataka kuivalisha mutoto."

Nikamudanganya tena. Nikasema imekatika kamba. Haikukatika. Nimeiosha na sabuni mara nyingi, lakini mu mafundo, katikati ya mbegu na mbegu, pemba ingali mule. Nikisali, vidole vinaisikia.

Sikuacha kumupenda Mungu, hata pale ku kichuguu. Nani ataniamini? Nikimuambia huyu mama ukweli, ataona hakuna mutu anaweza kushika imani, na mi njo nitakuwa nimemuangusha. Nikinyamaza na mutoto akufe, atakuwa amemuzika juu ya uongo wangu. Bamama, na ninyi bamupe kama munasoma, nianzie kwa nani: ku kitubio, kwa bwana yangu, ao kwa yeye? Nisaidieni haraka. Kila asubui ku bomba ananiuliza, "Mama, ile kamba imeshatengenezwa?"

Nimujibu nini?