Rangi ya Mdomo kwenye Boneti la Sameshima

Kila gari la Kagoshima lina rangi mbili: ile ya kiwandani na ile ya Sakurajima. Mlima huo wa volkano uko ng'ambo ya ghuba tu, hukohoa majivu saa yoyote unapojisikia, na watu wa mjini huyazoa kwenye mifuko ya manjano ya manispaa huku wakinung'unika, kama wanaomfutia babu mkorofi uji kidevuni.

Sameshima Iwao ameendesha teksi chini ya kikohozi hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi kuliko gari lake. Judo aliiacha njiani. Sigara ameziacha mara nyingi kiasi kwamba zimezoea. Lakini ile teksi nyeusi, loo! Mkewe, Natsuko, huwaambia majirani bila haya: "Mimi kupapaswa hivyo, mpaka niwe na homa."

Siku moja kabla ya harusi ya binti yao, Mizuho, mjomba wa bwana harusi akatokea kutoka Osaka na gari jeupe la kukodi, refu kama behewa, eti ndilo la kumbeba bibi harusi. Mizuho akauona uso wa baba yake ukikunjamana.

"Sikiliza, Baba," akasema. "Kesho nikiweza kupaka rangi ya mdomo kwa kujitazama kwenye boneti lako, napanda teksi yako. Nisipoweza, napanda jeupe, na usininunie."

Basi alfajiri Iwao alikuwa uani, suruali imekunjwa magotini. Gari ameshaliosha. Akauvika mkono mfuko wa plastiki ili vidole vihisi hata chembe, akavipitisha juu ya boneti. Kwa macho lilikuwa safi. Kwa vidole lilikuwa kidevu cha mlevi asiyenyoa. Chembe za mlima zilikuwa zimejichimbia ndani ya rangi. Akatoa kipande cha udongo laini wa kung'olea uchafu, akaukanda, akanyunyiza maji ya sabuni, akautelezesha polepole. Kwanza ukakwaruza, kisha ukanong'ona, kisha kimya. Boneti likawa laini kama tofu!

Kwa furaha akarukia mlango wa nyuma, na udongo ukamponyoka, ukaanguka chini. Kila mtu mwenye akili huutupa papo hapo, maana hunasa mchanga. Iwao, mwanamume anayeosha mirija ya juisi ili itumike tena, aliupuliza.

"Iwao! Umeanguka huo!" Natsuko akapiga kelele kutoka jikoni.

"Haukuanguka. Umepumzika."

Akausugua mlangoni mara moja. Mlango ukalia. Mkwaruzo mwembamba kama sharubu la paka, pale pale karibu na kishikio. Iwao akaurusha ule udongo hadi kwenye figili za jirani na kuchukua mpya.

Mwishowe akapaka dawa ya kukinga rangi, tabaka jembamba, kama mtu anayepaka asali asiyotaka iishe. Sasa kazi ilikuwa kuiacha ikauke, isiguswe na chochote, hata pumzi. Na hapo ndipo mlima ulipokohoa.

Wingu jeusi likapanda. Redio ikasema upepo unaelekea mjini.

"Msilifunike, turubai litagandia dawa!" Iwao akalia. "Shikeni mashuka juu yake! Juu!"

Natsuko akatoka na shuka la kitanda. Bi Imakiire, yule jirani wa figili, akatoka na lake la maua, ule udongo ukiwa bado mkononi. "Hili tutalizungumza baadaye," akasema, akashika pembe. Wenye mashuka wakaleta mashuka, wenye miavuli miavuli, na mtaa mzima ukasimama mikono juu kuizunguka teksi, majivu yakiwanyeshea vichwani.

"Mzee Sameshima, nikipiga chafya?" jirani mmoja akauliza.

"Imeze!"

"Na mkojo?"

"Huo nao!"

Mizuho alipotoka na kimono yake ya harusi, majivu yamekatika, alikuta majirani wote wa kijivu kama sanamu za hekaluni, na katikati yao kitu cheusi kinachong'aa mpaka kinatisha. Iwao akapangusa boneti kwa kitambaa laini, mara moja. Mizuho akainama. Akafungua rangi ya mdomo. Mtaa ukazuia pumzi. Akapaka juu, akapaka chini, akabana midomo, akajikonyeza.

"Meno yako yana majivu, Baba. Nayaona humu."

Mtaa ukalipuka kwa shangwe kuliko mlima.

Wakati huohuo gari jeupe likajitokeza kwenye kona, sasa la kijivu. Mjomba wa Osaka, asiyeona mbele, akawasha waipa kwenye kioo kikavu chenye majivu. Krrrrr! Mtaa mzima ukaziba masikio, na Iwao, adui yake, akafumba macho kwa huruma.

Kisha Iwao akakimbilia usukani wake. Mizuho akasimama mlangoni, akakiona kile kisharubu cha paka.

"Na hiki?"

Iwao akavuta haraka wenzo wa kando ya kiti chake, ule ambao madereva wa teksi wa huko hufungulia mlango wa abiria, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, mkwaruzo ukaenda nao.

"Ingia, mteja," akasema. "Tunachelewa."