Mama Aliposimama kwa Mguu Mmoja

Naikumbuka vizuri zaidi siku mama yangu aliposimama kwa mguu mmoja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu, na baba yako asisikie.

Nilikuwa kijana, nimeanza kazi ya uuguzi hapa Toronto, nikamleta mama kutoka Moshi tuishi naye kwenye ghorofa za mtaa wa Crescent Town. Nikamkalisha kwenye kochi. Akinyanyua kikombe, nakipokea. Akishika ufagio, namnyang'anya. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Mzazi aliyenilea atasumbukaje mbele ya macho yangu? Baridi ilipoisha, miguu yake ilikuwa imelegea, anatembea akishika ukuta, na kila jioni anadai nimrudishe kwao.

Ghorofa ya chini, jirani yetu, bibi mmoja wa Kichina, alikuwa akiwafundisha wazee kungfu ya korongo. Ndiyo, ndege huyuhuyu wa mashamba ya mpunga. Wachina wa kale walimtazama anavyosimama na kupiga mbawa, wakapata humo namna ya kupigana. Mimi nilimpeleka mama abadilishe hewa tu.

Bibi akawaambia wanyanyue mguu mmoja na kutandaza mikono. Mama akayumba. Nikaruka, nikamdaka kiunoni. Bibi akaja akanibandua vidole taratibu, akasema, "Ukimshika, atasimama kwa miguu yako."

Nikamgeukia mama anitetee. Wapi!

"Niache, Neema," akasema. "Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi mama yako umeninyima hata ufagio. Umenigeuza mgonjwa nisiyeumwa."

Yaliniuma maneno yale. Nikarudi nyuma huku nalia. Mama akanyanyua tena mguu, akayumba, akatulia. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu atue nchi hii. Hakudai tena kurudishwa Moshi.

Leo ni zamu yangu. Asubuhi umenipokonya sufuria ya chai, ukaniambia kwa Kiingereza chako nikae nipumzike. Najua ni mapenzi, nami nilikuwa nayo hayohayo. Lakini kumheshimu mzee si kumpokonya kila kitu, mwanangu. Muulize kwanza. Muachie analoliweza, nawe usimame karibu, mikono mitupu na tayari.

Mungu akujalie uzee wenye kazi ndogondogo, na watoto wa kukusubiri ukizifanya. Haya, nirudishie sufuria yangu.